Kujaribu Breki

Asubuhi nimemaliza kutengeneza breki za baiskeli ya Mukose,
ile ya tairi nene anayowakodisha wageni,
na fundi asiyejaribu kazi yake si fundi.
Hiyo ndiyo sababu niliyompa.

Kutoka kibandani hadi penye mfenesi na kurudi,
dakika tano zingetosha.
Nimepinda kushoto,
nikaishika njia ya ukingoni mwa bwawa,
wanakowapeleka wageni wa siku ya kwanza
kwa kuwa haina mwamba, haina kilima,
hata mtoto angeiendesha huku anatafuna muwa.

Tairi zinasaga changarawe.
Cheni, niliyoipaka mafuta kwa mkono wangu, haisemi neno.
Maji yako kulia, yana ngozi juu kama uji uliopoa,
na mnandi kwenye gogo ameanika mabawa
kama mtu aliyefua shati lake la pekee.

Kisha mkono unarudi nyuma, wenyewe,
kupapasa mzigo.

Hakuna mzigo.
Hakuna hata karia.
Aliyeiunda baiskeli hii
hakuwahi kuwaza kwamba duniani kuna cha kubeba.

Miaka kumi na tisa napiga pedali hapa Kyabirwa
na sikumbuki siku niliyokwenda mtupu:
madumu manne ya maji, mikungu ya ndizi,
mbao, kitanda, mara moja jeneza dogo
(nililifunga kwa mpira, sikufungua mdomo njia nzima),
na Nangobi, usiku ule, ameketi upande,
kidole kimoja kimenasa kwenye mkanda wangu:
"Taratibu, Tibenkana. Tuko watatu huku nyuma."

Hapa palikuwa na kilima.
Si hapa. Hapo chini, ndani ya maji.
Njia hii ninayoiteleza ilikuwa kituo tu,
katikati ya mpando, pa kuegesha jiwe chini ya gurudumu,
kutema mate, kuhesabu hatua zilizobaki
huku maporomoko yananguruma bondeni.
Nusu ya chini imezama
na mawe yake, na kelele zake, na jasho langu.
Ndiyo maana leo ni rahisi.
Maji yamenipandia nusu ya kilima
na hayakudai nauli.

Natega sikio nikipita. Napajua mahali penyewe.
Gugu maji linajikuna ukingoni, basi.
Zamani tulipaza sauti ndani ya nyumba ili tusikizane;
Nangobi hadi leo ananiomba chumvi
kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Watoto wanachomoka mihogoni:
"Mzungu! Mzungu, bai!"
Ni hii kofia ya Mukose, ngumu kama kibuyu.
Naivua.
Kimya. Halafu mmoja wao, kwa masikitiko ya kweli:
"A-a. Ni fundi tu."
Nacheka mpaka usukani unayumba.

Nabadili gia bila sababu,
tatu, nne, tano, nisikie tu zinavyoitikia.
Naacha kupiga pedali.
Baiskeli inaendelea.
Inaendelea bado. Sijui ni nani anayeisukuma,
na kwa mara ya kwanza sidaiwi jibu.
Goti la kushoto, lile linalotabiri mvua,
limenyamaza kama mgeni msibani.

Kibandani Mukose anatazama saa yake.
"Zinashika?"

Ndipo nakumbuka breki.
Sikuzigusa hata mara moja;
njia nzima sikuona pa kusimama.

Nachuchumaa, nazungusha gurudumu la mbele,
nakunja uso kama daktari mwenye habari.
"Bado kuna kitu," namwambia. "Kidogo tu.
Niachie hadi kesho."